Tukae na Vijana Wetu Tuzungumze Fedha

Kila mwaka, Oktoba na Novemba, vyuo vikuu vyetu hufunguliwa na nchi nzima huwa safarini. Kijana wa Newala anapanda basi kwenda Dodoma. Binti wa Kasulu anashuka Mbezi, kituo cha Magufuli, ana sanduku, ndoo na godoro lililofungwa kamba. Nyuma yao kuna mama aliyeuza mahindi, mjomba aliyeongezea nauli, kaka aliyetoa simu yake. Mtoto wetu akienda chuo, hupelekwa na ukoo mzima.

Kabla hajaondoka tunampa mengi. Tunamwombea dua. Tunamwusia asome kwa bidii, achague marafiki, asisahau alikotoka. Lakini je, kuna aliyekaa naye jioni moja, kwa kalamu na karatasi, akamwonyesha namna ya kuishi na fedha yake kwa miezi miwili?

Hilo ndilo ninalowaomba leo. Tuzungumze fedha na vijana wetu. Tuzungumze mapema, bila aibu na bila ukali, nyumbani na kazini.

Tuanze na hali halisi. Wanufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupata fedha ya chakula na malazi ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 imehesabiwa kwa Sh 10,000 kwa siku. Fedha hiyo haitoki siku kwa siku. Hutoka kwa mkupuo, na wanafunzi wenyewe huuita bumu. Bumu la siku 60 ni Sh 600,000.

Kwa wengi wao, ni mara ya kwanza maishani kuwa na kiasi hicho mkononi. Miezi michache nyuma kijana alikuwa bwenini, kidato cha sita. Chakula kilipikwa na shule. Kengele ilimwambia saa ya kula, saa ya kusoma na saa ya kulala. Leo ana miaka 20 na laki sita zake, na hakuna kengele.

Wapo pia wasio na mkopo, na wenye mkopo wa nusu, wanaotegemea kile baba na mama watakachotuma mwisho wa mwezi. Nao wanahitaji mazungumzo haya, pengine kuliko wenzao, kwa kuwa kosa dogo kwao ni kulala njaa.

Fedha hiyo inapoingia tu, inatafutwa. Si kwa ubaya. Muuza simu ana familia, muuza viatu ana kodi ya fremu, mwenye kibanda cha mpira naye anasomesha. Soko ni kazi za watu. Ila soko linamjua kijana wetu vizuri. Linajua tarehe ya bumu na linajua anachotamani. Je, sisi wa nyumbani tunamjua hivyo?

Tuchukue simu ya mkopo. Mwanafunzi hutoa kianzio, kisha hulipa kidogo kidogo kila siku. Siku asipolipa, simu hujifunga. Tuseme malipo ni Sh 2,000 kwa siku kwa mwaka mmoja. Hiyo ni Sh 730,000, kianzio hakijahesabiwa. Na katika ile Sh 10,000 ya siku, moja ya tano imekwenda kabla hajanywa chai.

Simu ni chombo cha masomo, na si vibaya kijana kuwa nayo nzuri. Swali la kumsaidia ajiulize ni hili: simu hii inalingana na kipato changu, au inalingana na simu ya mwenzangu wa chumba kimoja?

Tuje kwenye bando. Bando la Sh 1,000 kila siku ni Sh 60,000 kwa bumu moja. Sehemu yake husomea, na hiyo ni matumizi mema. Lakini video fupi hufuatana zenyewe, moja ikiisha nyingine inaanza, na hakuna mahali palipoandikwa mwisho. Zimetengenezwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu kadiri mtazamaji anavyokaa ndivyo matangazo yanavyouzwa. Anayelijua hilo hupata nguvu ya kuweka simu chini saa nne usiku.

Kuna jambo jingine tusilotilia maanani sisi wakubwa. Huduma za pesa kwa simu zilianza kuingia nchini mwaka 2008. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza leo amezikuta. Sisi tulijifunza fedha kwa kuvunja noti: ukivunja elfu kumi, unaiona chenji ikipungua mfukoni na moyo unashtuka. Yeye anabonyeza namba ya siri, ujumbe unaingia, basi. Hajaona kitu kikipungua. Tusistaajabu anapouliza, "Hela yangu imeenda wapi?" Tumsaidie kuiona.

Nije kwenye kubeti, na nitasema kwa upole, kwa sababu wanaobeti si watoto wabaya. Sheria inaruhusu kwa aliyetimiza miaka 18, chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo anayeweka mkeka havunji sheria. Ninachoomba ni tumpe hesabu, maana hesabu humshawishi msomi kuliko karipio.

Chukua mkeka, yaani orodha ya ubashiri, wa mechi 10. Tuseme kila mechi ana nafasi nusu kwa nusu ya kupatia. Ili mkeka utiki, mechi zote 10 zikubali. Nusu ya nusu ya nusu, mara 10: nafasi yake ni moja kati ya 1,024. Akiweka mkeka mmoja kila siku, atarajie mmoja utiki katika karibu miaka mitatu, yaani muda wote wa shahada nyingi za kwanza.

Je, ukitiki atalipwa mara 1,024 ya dau? Hapana. Tuseme kila mechi ina odi ya 1.85, yaani dau huzidishwa mara 1.85. Kwa mechi 10, malipo ni kama mara 470 tu. Kwa dau la Sh 500, atakuwa ametoa Sh 512,000 ili apate Sh 235,000. Anaweza kubahatika mapema, na anaweza asibahatike kabisa, lakini mizani ya hesabu imeegemea upande mmoja. Mzazi, mlezi, kaka, dada, fanyeni hesabu hii pamoja naye mezani. Msimkaripie. Mwacheni aone mwenyewe.

Bumu likikatika kabla ya wakati, mlango unaobaki wazi usiku na mchana ni mkopo wa mtandaoni. Kijana hupakua programu, hujaza jina na namba, na fedha huingia ndani ya dakika chache. Ada hukatwa juu kwa juu, muda wa kulipa ni siku chache, na alipokuwa akijaza aliruhusu programu isome majina yote yaliyo kwenye simu yake. Akichelewa, ujumbe wa kumwaibisha unafika kwa shangazi, kwa mwalimu wake wa zamani, kwa mchumba.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ndugu zetu wa Kenya nao walipita njia hiyo, hata mwaka 2021 wakabadilisha sheria ili benki kuu yao iwasimamie wakopeshaji wa mtandaoni. Nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo kijana anayesumbuliwa ana mahali pa kusemea, ila mara nyingi hajui, na aibu humfunga mdomo.

Hapa kuna kazi ya kila mmoja wetu. Ukipokea ujumbe wa namna hiyo kuhusu kijana unayemfahamu, usimcheke, wala usiusambaze kwenye kundi la ukoo. Mpigie simu. Mwulize, "Mwanangu, umekula?" Mengine yatafuata.

Sasa, je, nawaambia vijana wasistarehe? La, hasha. Kijana asiyecheka hawezi kusoma vizuri. Bongo fleva, singeli, mechi ya Simba na Yanga, sinema ya Jumamosi na wenzake, vyote hivyo ni sehemu ya umri wake, na ni haki yake. Naomba tu aipange starehe yake kama anavyopanga masomo, na ajue kwamba burudani nyingi nzuri hazina kiingilio kikubwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na kuhamia Mlimani mwaka 1964. Miaka ile ya 1960 na 1970, mijadala ya hadhara ilikuwa sehemu kubwa ya maisha ya wanafunzi pale, na Ukumbi wa Nkrumah ulijaa. Walikaa kusikiliza hoja zikigongana, kisha wakatoka wakiendelea kubishana njiani hadi mabwenini. Ilikuwa elimu na ilikuwa burudani, vyote kwa mpigo.

Hata leo mambo hayo yapo. Kila chuo kina kwaya, timu ya mpira, kikundi cha ngoma au cha mdahalo, au jumuiya ya dini. Maktaba mpya ya Mlimani iliyozinduliwa mwaka 2018 inaweza kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na mwanafunzi ana haki ya kiti. Kijiji cha Makumbusho kipo pale pale barabara ya Bagamoyo. Kijana anayecheza mpira jioni, akaimba Ijumaa na kutembelea makumbusho mara moja kwa muhula, ameburudika, amepata marafiki, na bumu bado lipo.

Basi, tufanye nini, kila mtu mahali pake?

Tuanze nyumbani, na tusisubiri barua ya chuo. Mtoto wa darasa la sita anaweza kupewa hela ya matumizi ya wiki nzima badala ya siku. Sh 500 kila asubuhi humfundisha kutumia. Sh 2,500 Jumatatu humfundisha kugawa. Akiimaliza Jumanne, usimwongezee na usimgombeze. Mfungashie chakula cha nyumbani, kisha Jumapili mkae mzungumze. Ni afadhali akosee leo kwa Sh 2,500 kuliko kesho kwa Sh 600,000.

Mpeleke sokoni. Mwache apatane bei na muuza nyanya. Mpe daftari dogo aandike kilichoingia na kilichotoka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na usemi huo ni kweli kwa mtoto wa shule kama ulivyo kweli kwa mfanyabiashara wa Kariakoo.

Mshirikishe katika bajeti ya nyumba. Si lazima ajue mshahara wako wote. Lakini akijua kwamba mwezi huu kuna luku, kodi, ada ya mdogo wake na dawa ya bibi, atajifunza kuchagua kilicho cha kwanza. Watoto wetu hawatuombi vitu vingi kwa ukaidi. Mara nyingi huomba kwa sababu hawajawahi kuonyeshwa hesabu.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, na shule zikawa na mashamba na karakana. Lengo mojawapo lilikuwa mwanafunzi aone kwamba anachokula kina jasho ndani yake. Si kila nyumba ina shamba leo, lakini kuku watano wanatosha. Mwache kijana awatunze, auze mayai, anunue pumba, aweke hesabu. Faida ikipatikana, awe na sauti juu yake.

Na sisi wenyewe, wazazi, je? Vijana wanajifunza kwetu bila kuambiwa. Wanaona kadi za michango ya send-off na harusi zinavyopangwa mezani. Wanaona tunavyonunua kitenge cha sare kwa sherehe ya siku moja. Sherehe zetu ni nzuri, zinatukutanisha, na sitaki zife. Lakini je, tunaweza kumwambia mtoto kwa sauti, "Shughuli hii tutachangia kiasi hiki, kwa sababu mwezi ujao tuna jambo la ada"? Sentensi moja kama hiyo, akiisikia mwaka hadi mwaka, itamfaa kuliko hotuba ya siku ya kuondoka.

Wewe mwanafunzi, mwanangu, mdogo wangu, neno lako ni hili.

Bumu likiingia, lipa kwanza kinachokuweka chuoni: pa kulala, kisha chakula. Nunua mchele, unga, maharage na mafuta kabla hujanunua raba. Kinachobaki kigawe kwa wiki. Kama bumu ni Sh 10,000 kwa siku, wiki yako yote ni Sh 70,000, na humo ndani kuna pa kulala, chakula, nauli, bando, madesa ya kutoa kopi na burudani. Ya wiki zijazo iache benki, usiitembeze kwenye simu.

Pikeni pamoja geto kwa zamu. Watu wanne wakichanga hula vizuri kwa fedha ndogo, na meza ya pamoja ni dawa ya upweke. Kitu cha kujipamba ukikitamani, kipe siku tatu. Siku ya nne ukikitaka bado, na bajeti inakiruhusu, kinunue kwa amani ukivae upendeze.

Kama una ujuzi, utumie. Wapo wenzako wanaosuka, wanaonyoa, wanaouza mtumba, wanaochapa kazi za wengine kwa kompyuta. Hakuna aibu katika shilingi ya halali, mradi tu isile muda wa vipindi ikakuletea sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Na ukikwama, sema mapema. Mwambie mzazi, mlezi, mshauri wa wanafunzi, au rafiki wa mwaka wa tatu. Ukisema deni likiwa Sh 30,000, litamalizwa kwa simu moja. Ukilificha likafika laki tatu, litakula hata muda wako wa kujisomea.

Nanyi wenzangu mlio kazini, kijana huyu anapita mbele yenu kila siku.

Wakala wa pesa kwa simu, unamjua mteja wako. Akija kutoa fedha mara ya tatu kwa siku, neno la kidugu halitaharibu biashara: "Mdogo wangu, nyingine iache mpaka kesho." Mama lishe, unaweza kumpokea mwanafunzi anayelipia chakula cha wiki nzima siku ya bumu. Wewe utapata mtaji, yeye atakuwa na uhakika wa sahani. Mwenye nyumba, ukikubali kodi ilipwe kwa kufuata tarehe za mikupuo, utapunguza kusumbuana.

Muuza simu, mweleze mteja jumla ya deni, si malipo ya siku tu. Atakuheshimu, na akipata kazi atarudi kwako.

Mhadhiri, dakika 20 za wiki ya kwanza zinatosha kuwaambia wanafunzi wapya habari za bajeti na mikopo ya mtandaoni. Kiongozi wa serikali ya wanafunzi, unaweza kumwalika ofisa wa benki aje kufundisha, na unaweza kuhakikisha timu na vikundi vya sanaa vinapata uwanja na ukumbi. Wanafunzi wa mwaka wa tatu, mnajua mlipojikwaa. Kaeni na mwenzenu wa mwaka wa kwanza mumwelekeze, maana ninyi atawasikiliza kuliko sisi.

Na wewe uliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ukaajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inayokatwa kila mwezi hugeuka chakula cha mwanafunzi wa leo. Najua makato yana uzito wake. Lakini fahamu kwamba kuna binti wa Kasulu anayenywa uji asubuhi kwa sababu yako. Uliyejiajiri na una deni hilo, nenda kwenye Bodi mpange namna ya kulipa kadiri unavyoweza.

Ndugu wananchi, hakuna hata moja katika haya linalosubiri bajeti ya Serikali au sheria mpya. Kinachotakiwa ni jioni moja, karatasi moja, na moyo wa kumsikiliza kijana bila kumkatiza. Mwulize anapata kiasi gani. Mwulize anakipanga vipi. Mwonyeshe unavyopanga chako. Kisha rudieni mazungumzo hayo kila fedha inapoingia, mpaka iwe desturi ya nyumba.

Mwenye mtoto aanze na wake. Asiye na mtoto, mpwa yupo, mdogo wa rafiki yupo, mpangaji wa chumba cha nyuma yupo. Jumapili hii, baada ya chakula, mwite, mkae, mfungue daftari.